Nyumba Ambayo Vyeo Viliachwa Nje

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ya askari waijua askari wenyewe, na wake zao wabakio kambini wakingoja habari. Aliyevunjika moyo hahitaji hotuba ndefu. Ahitaji mtu wa kumjua kwa jina, kiti cha kukalia na kikombe cha chai. Makasisi wawili walilifahamu jambo hilo vema, wakalifanya kuwa kazi ya imani yao katika mji wa Poperinge, nchini Ubelgiji.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, mji huo ulikuwa nyuma ya uwanja wa mapigano, yapata kilomita 12 kutoka Ypres. Maelfu ya askari wa Uingereza walipita hapo, hawa wakielekea kwenye mahandaki, wale wakirudi na matope mwilini. Burudani iliyowangoja mjini ilikuwa zaidi ile imalizayo mshahara bila kuondoa hofu.

Desemba 1915, makasisi wa jeshi Neville Talbot na Philip Clayton walifungua humo nyumba ya kupanga, iwe mahali pa mapumziko. Iliitwa Talbot House, kwa kumkumbuka Luteni Gilbert Talbot, mdogo wake Neville, aliyeuawa vitani Julai mwaka huo huo. Wafiwa wengi hujifungia ndani na msiba wao. Hapa msiba ulifunguliwa mlango, watoto wa watu wengine wakaingia.

Tangazo moja lilimtaka kila aingiaye auache nje ukubwa wa cheo chake. Hivyo ofisa na askari wa kawaida walikunywa chai pamoja. Tangazo jingine liliwaonyesha wakata tamaa mlango wa kutokea. Aliyetaka kuazima kitabu aliweka kofia yake rehani. Na kwa kuwa askari hakuruhusiwa kutembea barabarani bila kofia, kitabu kilirudi! Palikuwa na ubao pia, ambapo mtu aliandika jina lake akimtafuta ndugu au rafiki aliyepotezana naye.

Juu kabisa, chini ya paa, palikuwa na kanisa dogo. Madhabahu yake ilikuwa meza ya kazi ya seremala, ikumbushayo kazi ya Yesu wa Nazareti. Wengi walipiga magoti hapo, kisha wakarudi vitani wasionekane tena. Clayton hakuweza kuwaahidi uhai. Aliloweza ni kuhakikisha kwamba hakuna aendaye kama mtu asiyejulikana.

Hiyo ndiyo njia ya Barnaba, ambaye jina lake lafasiriwa mwana wa faraja. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, aliyekuwa mtesi wao, Barnaba hakumpelekea pole kwa mbali. Alimchukua, akamfikisha mbele ya mitume, akamdhamini kwa heshima yake mwenyewe. Kutia moyo kuna gharama: anayemsimamia mtu adhaniwaye vibaya huenda akadhaniwa vibaya naye.

Baada ya vita, Clayton na wenzake walianzisha mjini London umoja wa huduma na urafiki, uitwao Toc H, kwa namna wapiga simu wa jeshi walivyozitaja herufi za kwanza za jina la nyumba hiyo. Clayton alifariki mwaka 1972. Nyumba ya Poperinge ingali yapokea wageni.

Katika kambi zetu kazi hiyo haihitaji nyumba kubwa. Yuko kuruta asiyepata barua kutoka kwao. Yuko mama ambaye mumewe amepelekwa mbali, na watoto wana homa. Yuko mjane ambaye, matanga yakiisha, hakuna abishaye hodi. Mwenye imani na asiseme tu kwamba atawaombea. Na aombe, kisha avae viatu aende, akawaite kwa majina yao.