Kadi Ndogo Mfukoni mwa Mgonjwa wa Pumu

Tuseme mama mwenye pumu amepata ajali ya basi akiwa safarini. Amezimia. Wasamaria wema wanamfikisha hospitali. Mkobani mwake mna pampu ya pumu, lakini hakuna anayejua ameitumia kwa miaka mingapi, wala kwa kipimo gani. Nani atamsemea?

Wengi wetu husema "pampu" tu, kana kwamba zote ni moja. Salbutamoli hufungua njia za hewa upesi kifua kinapobana. Hiyo si steroidi. Beklometasoni na budesonidi ni steroidi. Hutuliza uvimbe wa njia za hewa, na kwa kawaida hutumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia mzima. Usitegemee rangi ya pampu. Soma jina lake, au muulize mfamasia.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Hutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili huihitaji zaidi wakati wa homa kali, ajali au upasuaji. Mtu akipata steroidi nyingi kwa muda mrefu, tezi hizo hulala. Dawa ikikatishwa ghafla, au mwili ukipatwa na msukosuko mkubwa, haziamki upesi. Mgonjwa hulegea, hupata kizunguzungu, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kufa. Ni rahisi kudhani ni malaria.

Wanaohusika hasa ni wanaomeza vidonge vya prednisoloni kwa wiki 4 au zaidi, wanaopewa vidonge hivyo mara kwa mara pumu inapozidi, na wanaovuta zaidi ya mikrogramu 1,000 za beklometasoni kwa siku. Mwenye kipimo kidogo cha pampu asiogope. Hatari kwake ni ndogo.

Huko Uingereza wagonjwa wa namna hii wamekuwa wakipewa kadi ya steroidi kwa miaka mingi, na mwaka 2020 ilitolewa kadi mpya ya dharura. Kama kituo chako hakina kadi, mwombe daktari au muuguzi akuandikie kwenye karatasi ngumu:

1. Jina lako, na jina na simu ya ndugu wa karibu.
2. Ugonjwa wako na kituo unakotibiwa.
3. Jina la dawa, kipimo chake, na tarehe ulipoanza.
4. Maneno haya: "Natumia steroidi. Zisikatishwe ghafla. Nikizimia, nikiugua sana au nikipasuliwa, huenda nikahitaji sindano ya haidrokotisoni."

Ifunge kwenye nailoni isilowe, uibebe kila uendako. Kipimo kikibadilika, ibadilishwe nayo. Mwonyeshe kila daktari, hata wa meno. Waambie pia watu wa nyumbani na wa jumuiya yako ndogo ndogo mahali unapoiweka.

Baada ya kuvuta steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Tena, usiache dawa kwa sababu umepata nafuu au umeombewa. Sala na dawa havigombani. Ikibidi kuacha, daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

Uhai ni zawadi ya Mungu. Tuutunze, hata kwa kipande cha karatasi.