Samaki waoga wakuao haraka: Mambo ya kujua kabla ya kuwaweka sebuleni

TANGI la kioo lenye samaki ni pambo linalotuliza macho, na kwa mkazi wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, samaki wa kuanzia hawako mbali. Mto Kagera na Ziwa Burigi vina samaki wengi, na kifaranga cha sato au kambale chenye urefu wa sentimeta tano huonekana kuenea vizuri katika tangi dogo mezani.

Hata hivyo, urahisi huo ndio mtego wenyewe. Sato na kambale ni miongoni mwa samaki wakuao haraka, na ndiyo sababu hufugwa kwa ajili ya kitoweo. Sato aliyelishwa vizuri katika maji ya uvuguvugu huweza kufikia gramu 200 hadi 300 katika muda wa miezi sita hadi minane. Kambale hupita hapo, na akiachwa aishi hufikia urefu wa zaidi ya mita moja. Tangi la kawaida la mezani lina urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na kina cha 30, yaani lita 54 likijaa hadi ukingoni. Samaki wa sentimeta 30 hawezi hata kugeuka humo.

Imani ya tangi dogo

Wapo wanaoamini kuwa samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi lake, hivyo hapana haja ya kuhofu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli lakini inapotosha. Samaki aliyebanwa hudumaa, ila hudumaa kwa sababu anaishi katika uchafu wake mwenyewe na katika msongo. Sato waliosongamana, kwa mfano, huanza kuzaana wakiwa bado wadogo, na nguvu za kukuza mwili huishia huko. Kudumaa ni dalili ya maisha mabaya. Si njia ya kujipatia samaki mdogo.

Kiini cha tatizo ni amonia, sumu ambayo samaki huitoa hasa kupitia mashavu yake. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea katika chujio na changarawe. Anayenunua tangi na kulijaza samaki siku hiyo hiyo huwaweka katika hatari, na wengi hufa kabla ya mwezi kwisha.

Kwa nini wanashtuka

Jambo la pili linalowasumbua wafugaji wapya ni woga. Mtu akipita, mlango ukibamizwa au taa ikiwashwa ghafla, samaki hurushana, hujigonga kwenye kioo, na wengine huruka nje na kukutwa wamekauka sakafuni asubuhi.

Woga huo una sababu ya kimaumbile. Ubavuni mwa samaki upo mstari wenye vihisio vinavyonasa mtikisiko mdogo wa maji. Ziwani, mtikisiko huo huweza kuwa ni wa ndege mdeaji au samaki mla wenzake. Katika tangi lenye kioo pande zote, samaki hushambuliwa na vivuli na mitikisiko asiyoweza kuikimbia.

Ipo sababu nyingine kwa jamii ya kambale, ningu na dagaa. Mwaka 1938, mwanasayansi wa Austria, Karl von Frisch, alieleza kuwa ngozi ya samaki wa kundi hilo ikijeruhiwa hutoa kemikali inayowatahadharisha wenzake. Hivyo wavu mkavu na mkono wenye pupa ukimchubua mmoja, tangi zima huingiwa na hofu.

Tiba ya woga ni mazingira. Tangi liwekwe mbali na mlango na televisheni, na pande tatu zifunikwe kwa karatasi nyeusi. Ndani pawe na mawe, mimea na vipande vya vyungu vya kujifichia. Taa ya chumba iwashwe kwanza, kisha ya tangi. Samaki wa makundi wasiwekwe mmoja mmoja, kwa kuwa aliye peke yake huwa mwoga zaidi. Mfuniko ni wa lazima, tena mzito kwa kambale, ambaye hupumua hewa na huweza kutoka nje usiku na kutambaa.

Baridi, maji na uzito

Kayanga ipo kwenye vilima, juu zaidi ya Ziwa Victoria lililo kwenye mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Sato hustawi katika nyuzi joto 25 hadi 30. Zikishuka chini ya 20 hupunguza kula, na chakula kinachobaki huoza. Alishwe kile tu anachokimaliza kwa dakika chache.

Maji ya bomba yenye klorini yalazwe kwenye ndoo pana kwa saa 24, na kila wiki robo ya maji ya tangi ibadilishwe. Umeme ukikatika, pampu ya hewa husimama. Kinachosaidia ni kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu. Aidha, tangi la lita 200 hubeba kilo 200 za maji peke yake, bila kioo wala mawe. Meza ya kahawa haliwezi.

Akizidi tangi

Swali gumu huja samaki anapokua kuliko nyumba yake. Wengi huona ni huruma kumwachia mtoni. Kagera ina sababu ya kuiogopa huruma hiyo. Gugumaji, mmea uliopendwa kwa maua yake, uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 ukiteremka na Mto Kagera. Sangara, aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, alichangia kutoweka kwa aina zipatazo 200 za furu. Sato naye ni mgeni wa miaka hiyo hiyo, na ngege, samaki wa asili, leo amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembezoni.

Njia salama ni kumpeleka kwa mfugaji mwenye bwawa, kumpika, au kumwona ofisa uvuvi wa wilaya kwa ushauri. Aliye bora zaidi huchagua mapema: furu wengi hawazidi sentimeta 15, na baadhi ya aina zao zimenusurika kwa kufugwa katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani. Kabla ya kumleta kifaranga nyumbani, basi, mfugaji aulize kwanza samaki huyo atakuwa na urefu gani baada ya mwaka mmoja.