Elektroni za Chumvi Yetu



Juzi mama mmoja alinijia katika ofisi ya parokia pamoja na mwanawe wa kidato cha pili. "Mwalimu," akasema, "huyu ataka kuacha shule, akafanye kazi ya chumvi na baba yake." Nikafungua daftari. Kijana aliulizwa atomu ya sodiamu ina elektroni ngapi, akajibu 23. Kakosa. Ya klorini akaandika 35. Kakosa tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, chumvi unayoikimbilia ndiyo somo lenyewe." Hapa pwani ya Tanga maji ya bahari huingizwa mashambani, jua likayakausha, ikabaki chumvi. Nayo ni sodiamu na klorini zilizoshikana.

Basi sikilizeni, wazazi. Kila atomu ina kiini, na ndani yake mna protoni na, kwa kawaida, nyutroni. Nje yake zimo elektroni. Hazihesabiki kwa macho, bali kwa akili. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi ya kiasi kile kile, na nyutroni haina chaji. Kwa kuwa atomu nzima haina chaji, elektroni zake sharti ziwe sawa na protoni kwa idadi. Idadi ya protoni ndiyo namba ya atomu: sodiamu 11, klorini 17. Kijana alishika namba ya uzito, ambayo hujumlisha na nyutroni: 11 na 12 ni 23.

Aliyethibitisha maana ya namba hiyo, mwaka 1913, ni kijana Mwingereza, Henry Moseley, kwa kupima eksirei za elementi mbalimbali. Aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Lakini angalieni! Ndani ya chumvi, sodiamu hutoa elektroni moja, ikabaki na 10. Klorini huipokea, ikawa na 18. Sodiamu peke yake ikitiwa majini huwaka. Klorini peke yake ni hewa ya sumu. Moja imetoa, nyingine imepokea, nasi tunakula.

Nikamjaribu: "Kalsiamu ina namba 20, uzito 40. Katika mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni imetoa elektroni mbili. Zimebaki ngapi?"

Akafikiri kidogo. "Kumi na nane, Mwalimu."

Wazazi, msimwondoe mtoto shuleni kwa majibu mawili aliyokosa. Mashamba ya chumvi hayahami.