Siku Moja Kwihara

Mama mwenzetu, safari ya kustarehe si lazima iwe ya ng'ambo. Sisi akina mama wa kanisani tulichanga nauli, tukaenda Kwihara, kilometa chache tu kutoka Tabora mjini, kuona nyumba ya tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Nyumba ni nzuri, lakini kilichotunyamazisha ni njia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita huku ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, wakiwamo wanawake wenye watoto. Mwenzetu mmoja alikuwa na mwanawe mgongoni, amelala. Alimfungua, akampakata, wala hakumrudisha mgongoni mpaka tulipoondoka.

Chini ya mwembe tulikula michembe iliyopikwa kwa karanga. Njaa ilituuma kweli; hakuna aliyebakiza!

Mjini tulinunua asali ya nyuki wa miombo. Hapa uuguzi wetu haukuweza kunyamaza: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, maana inaweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza viungo na kumzuia kupumua. Mwenzetu yule alinunua chupa mbili. Mwanawe ana miezi minane, atangoja.