Kuteremka kwa Kamba: Usiamini Macho Yako Peke Yake

Makomredi, wacha niseme ukweli: kupanda hakukuniogofya sana. Kilichonitoa jasho ni kusimama juu ya Fischer's Tower, kulipa bonde mgongo, kisha kuambiwa, "Haya, kaa kama uko kwenye kiti." Kiti chenyewe kilikuwa hewa tupu.

Fischer's Tower ni nguzo ya mwamba wa volkano, mita 25 hivi, ndani ya mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Tulienda sita, na mwalimu mmoja. Mimi nilidhani kuteremka kunataka misuli. Kumbe kazi kubwa inafanywa na msuguano.

Iko hivi. Kamba inapita ndani ya kifaa cha kushukia kilichoshikizwa kwenye hanesi kwa karabina. Kifaa kinaikunja kamba, na kule kukunjwa ndiko kunakoleta msuguano unaobeba sehemu kubwa ya uzito wako. Mkono wa chini ndio breki. Ukiivuta kamba kuelekea nyonga, unasimama. Ukiilegeza polepole, unashuka. Mkono huo hauiachi kamba, hata nyuki akikuuma. Na kuhusu nyuki sitanii, wanapenda sana nyufa za miamba yetu.

Miguu nayo ina adabu yake. Ipanue kiasi cha mabega, legeza magoti kidogo, kanyaga mwamba kwa nyayo nzima, kisha egemea nyuma. Mwili utakusihi uukumbatie mwamba. Usikubali, maana ukiukumbatia, miguu inateleza na unagonga uso. Zile mbwembwe za kurukaruka kama komando wa sinema pia achana nazo, kwa sababu kila mruko unaongeza mzigo kwenye nanga na kuisugua kamba ukingoni.

Sasa nije kwa aibu yangu. Nilikuwa nimejikagua mara mbili, nikaona niko sawa. Zamu yangu ilipofika, rafiki yangu akanishika hanesi, akaminya karabina kwa kidole, nayo ikafunguka. Sikuwa nimekaza skrubu yake. Nilikuwa nimeitazama mara mbili bila kuiona, kwa sababu woga ulikuwa umejaa kichwani na nilitaka tu mambo yaishe.

Ndiyo maana ukaguzi hufanywa na watu wawili, na hufanywa kwa kugusa. Anza na nanga: ziwe angalau mbili, kila moja iweze kukubeba hata nyingine ikitoka. Fuata kamba, kifaa, karabina, kisha mkanda wa hanesi, ambao hukaa juu ya mifupa ya nyonga ili usichomoke ukipinduka. Vaa helmeti. Funga nywele, ingiza kamba za jaketi ndani. Kifaa kikizimeza, utaning'inia hapo katikati.

Anayeanza asishuke bila akiba. Mwalimu anaweza kukushika kwa kamba ya pili kutoka juu. Au mtu wa chini anashika mwisho wa kamba yako: akiivuta kwa nguvu, unasimama hata kama mkono wako umeachia. Huyo mtu wa chini asichezee simu, tafadhali.

Halafu kuna fundo la mwisho wa kamba. Linafungwa kwa nusu dakika, na linazuia mtu kushuka hadi kamba ikamwishia angali hewani. Mwaka 2019 Mmarekani Brad Gobright, mmoja wa wapandaji hodari wa kizazi chake, alifariki Meksiko akiteremka. Kamba upande wake ilikuwa fupi, na mwishoni hapakuwa na fundo. Kama yeye lilimpita, mimi na wewe ni nani tusifunge?

Unataka kuanza? Usijifunzie kwa video. Tafuta mwalimu aliyefunzwa, na mwombe mwanze kwenye mteremko mdogo ambao hata ukianguka utachafua suruali tu. Rudia hadi mkono wa breki uwe mazoea. Na mwenzako akikuambia "ngoja nikukague," usione anakudharau. Mimi siku ile nilikasirika kidogo, kwa sekunde kama mbili hivi, kabla karabina haijafunguka.