Harufu ya mlangoni inatoka tumboni

Ukiongozana na warina asali kwenda kwenye mizinga huko Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, mmoja wao anaweza kukuuliza kama asubuhi umekula ndizi mbivu. Si ushirikina. Nyuki akiuma anaacha mwiba, na hapo kwenye mwiba inatoka harufu inayofanana sana na ya ndizi iliyoiva. Kwa nyuki wenzake hicho ni king'ora: wakiinusa wanamiminika nje kumtafuta adui. Bomba la moshi linasaidia kwa sababu moshi unaifunika harufu hiyo.

Uamuzi wa kushambulia unafanywa na ubongo usiozidi punje ya ufuta. Una seli za neva zipatazo milioni moja. Binadamu anazo takriban bilioni 86. Vipapasio vinanasa harufu, inachambuliwa, kisha inafikishwa kwenye sehemu mbili za ubongo zenye umbo la uyoga, ambako nyuki anaioanisha na yale aliyokwisha kujifunza. Katika kujifunza huko, kemikali iitwayo oktopamini ina kazi kubwa. Mwaka 2017 watafiti waliolinganisha nyuki wa Mlima Kenya na Mlima Elgon na wenzao wa nyanda za chini walikuta vipande viwili virefu vya DNA vinavyowatenganisha, na kimojawapo kimebeba karibu jeni zote za vipokezi vya oktopamini. Nyuki weusi wa milimani wanasifika kwa upole, kwa hiyo mtu angeweza kuishia hapo na kusema tabia yao wamezaliwa nayo.

Ila mlangoni mwa mzinga mambo ni tofauti. Pale wanasimama nyuki walinzi. Kila anayetua wanampapasa mwilini, wakinusa mafuta mepesi yaliyoufunika mwili wake. Mwenye harufu ya nyumbani anapita, mgeni anaburutwa na kung'atwa. Kwa kuwa nyuki wa mzinga mmoja ni watoto wa malkia mmoja, ni rahisi kudhani kwamba harufu hiyo ni ya ukoo. Mwaka 2020 Cassondra Vernier na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kitambulisho hicho inategemea bakteria wa utumboni. Ndugu wa mama mmoja waliopewa bakteria tofauti walitoka na harufu tofauti, na walipokutana walichukuliana kama wageni.

Bakteria hao nyuki hazaliwi nao. Anapotoboa kifuniko cha sega na kutoka, utumbo wake uko karibu mtupu. Anawapata siku chache za mwanzo kwa kugusana na dada zake wakubwa na vitu vya mzingani. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti waliwalea nyuki wengine bila bakteria, wakawabandika alama mgongoni na kuwafuatilia kwa kamera. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: wenye bakteria walikutana kichwa kwa kichwa mara nyingi zaidi, na kila mmoja alikuwa na wenzake aliowapendelea. Wasio nao walikutana kiholela zaidi. Hata kemikali za ubongoni zilitofautiana.

Uhusiano huu wa bakteria na ujamaa si wa nyuki peke yao. Amboseli, ng'ambo ya Kilimanjaro, nyani 48 walichunguzwa vinyesi, na utafiti huo wa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba wanaochambuana manyoya mara kwa mara wana bakteria wanaofanana zaidi.

Kwa mkulima wa mahindi na maharage jirani na mizinga, hapa ndipo pa kutega sikio. Glaifoseti, dawa inayotumika sana kuua magugu, huzuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na nyuki hana. Kwa hesabu hiyo nyuki yuko salama. Lakini bakteria wake wengi wanacho. Utafiti wa mwaka 2018 ulikuta nyuki waliolishwa dawa hiyo wamepungukiwa na bakteria muhimu, na wachanga walikufa kwa urahisi walipopata maambukizi. Lebo inayotaja sumu kwa nyuki tu haijamaliza habari.

Na sisi? Serotonini yetu nyingi hutengenezwa utumboni, na kuna neva ndefu inayounganisha utumbo na ubongo. Hata hivyo, kutoka hapo hadi kuuziwa vidonge vya bakteria wa kuondoa huzuni ni safari ndefu, na mimi pesa yangu singeitoa bado. Kutokunywa antibayotiki ovyo kwa kila kikohozi ni ushauri wenye msingi imara zaidi.

Wafugaji wa mizinga ya masanduku wana mbinu ya kuunganisha makundi mawili bila vita. Wanaweka sanduku moja juu ya jingine na katikati wanatandika karatasi ya gazeti yenye vitundu vichache. Nyuki wanaitafuna kwa siku kadhaa, kila upande ukizoea harufu ya mwenzake, na chengachenga zinatupwa nje mlangoni. Hata gazeti hili linafaa, ukishamaliza kulisoma.