Posho ya Vita Chini ya Milima ya Upare, 1916

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika Same, adui mkubwa wa majeshi yote mawili alikuwa njaa. Mwezi Mei 1916 Jenerali Jan Smuts aliwaondoa askari wa Uingereza na Afrika Kusini kwenye makambi ya Moshi na Kahe, akashuka nao kusini kulifuatia jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck. Safu moja ilifuata Mto Pangani, nyingine reli ya Tanga. Nyingine tena ilipita mashariki ya milima, kupitia Kisiwani na Gonja. Katika muda wa siku 10 hivi walisogea takriban kilomita 200 hadi Buiko, na huko wakalazimika kusimama. Risasi walikuwa nazo, lakini chakula kilikuwa kimebaki nyuma.

Reli ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, nayo hupita kwenye tambarare kavu ya Same, Makanya na Hedaru. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waling'oa mataruma na kulipua madaraja. Upande wa Waingereza reli mpya ilijengwa kutoka Voi, kupitia Maktau na Mbuyuni, ikaunganishwa na ile ya Wajerumani. Kituo cha mwisho cha reli kilipoachwa nyuma, kila gunia lilitegemea magari machache yaliyokwama matopeni, mikokoteni ya ng'ombe, na vichwa vya watu.

Jeshi la Smuts halikuwa na chungu kimoja. Makaburu wa Afrika Kusini walizoea nyama ya makopo, biskuti ngumu, kahawa na sukari. Askari wa Kihindi walihitaji unga wa ngano, dengu na samli, na mnyama wao alichinjwa kwa kufuata dini ya mlaji. Askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza, walikula unga wa mahindi au mchele, pamoja na maharage, chumvi na nyama ilipopatikana. Wajerumani nao waliishi kwa nafaka na mifugo iliyokusanywa kwa wenyeji. Upareni chakula kilikuwapo juu milimani, kwenye migomba na mashamba ya mahindi na maharage yaliyonyweshwa kwa maji ya ndiva, yale mabwawa madogo ya kijadi. Kwa familia iliyolima hapo, jeshi lolote lililopita lilikuwa kinywa kipya mlangoni.

Kwa upande wa ulaji, farasi alimzidi askari mbali sana. Farasi wa kazi mwenye uzito wa kilo 450 huhitaji kama kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, nafaka na majani kwa pamoja, na lita 30 au zaidi za maji kwenye joto. Tumbo lake ni dogo kwa umbo lake, kwa hiyo anapaswa kula kidogo kidogo na mara nyingi. Akishindiliwa mahindi bila majani ya kutosha, tumbo humsokota na huweza kumuua. Afrika Kusini hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa farasi waliachiwa malishoni. Bonde la Pangani lilikuwa na maji, lakini vichaka vyake vilijaa mbung'o, wanaoambukiza ugonjwa wa nagana. Farasi aliyeumwa alikonda hata akiwa na chakula tele mbele yake. Baadhi walipewa dawa yenye aseniki, nayo iliwasogezea siku tu. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916 majeshi ya Smuts yalipoteza farasi wapatao 10,000, na baghala wapatao idadi hiyohiyo. Kuwaleta wanyama hao huku, wakati habari za mbung'o zilikuwa zinajulikana kwa miaka mingi, lilikuwa kosa la wakubwa, na gharama yake ililipwa na wengine.

Waliolipa ni wapagazi, waliobebeshwa mizigo wanyama walipokufa. Mpagazi alibeba kama kilo 25, na posho yake ilikuwa ratili mbili za unga kwa siku, pungufu kidogo ya kilo moja. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, yeye mwenyewe hula kilo 18 hivi. Kinachobaki kwa walio mbele ni kilo 7, yaani chini ya chakula cha farasi mmoja kwa siku moja. Kadiri safu ilivyosonga mbele ndivyo watu wengi zaidi walivyohitajika kubeba chakula cha wabebaji wenzao, na ndivyo posho yao ilivyokuwa ya kwanza kupunguzwa.

Unga wenyewe uliwadhuru. Mahindi yaliyosagwa vibaya hutaka moto wa muda mrefu, na mpagazi alifika kambini giza likiwa limeingia, kuni zimelowa, sufuria moja ikisubiriwa na watu wengi. Walikula uji mbichi, wakaharisha damu. Waliotoka kwenye nchi za ndizi waliteseka zaidi kwa kuwa matumbo yao hayakuwa yamezoea mahindi. Vifo vya wapagazi wa Waingereza vilivyoandikwa vilizidi 40,000, vingi vikiwa vya maradhi, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi ilifika maradufu ya hiyo.

Kuanzia 1917 mambo yalibadilishwa. Farasi waliachwa kwa sehemu kubwa, na askari wa Afrika Kusini waliodhoofika walikuwa wameanza kurudishwa kwao tangu mwishoni mwa 1916. King's African Rifles, waliokuwa kama 2,300 mwaka 1914, waliongezwa hadi kupita 30,000 mwaka 1918, na wengi wao walifunzwa katika makambi mapya yaliyolishwa kwa vyakula vya nchi hizi. Posho ya wapagazi nayo iliongezwa maharage, chumvi na mafuta. Kwa maelfu waliobeba mizigo mwaka uliotangulia, nyongeza hiyo ilikuja wakiwa wameshazikwa.